Aliyeshika Mkia

Mwaka 1954 kijana mmoja wa chuo kikuu alikuwa akizunguka mashamba ya Collins, jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, akiwahoji wakulima. Unatumia dawa ya kuua magugu? Mbolea ya chumvichumvi? Chakula cha kiwandani cha ng'ombe na nguruwe? Sumu ya panya? Kila jibu lilikuwa na alama zake, na aliyewahi kuanza alipata nyingi kuliko aliyechelewa. Mambo ya kuuliza hakuyachagua peke yake. Aliwaendea wataalamu wa kilimo wa chuo chake, Iowa State, nao wakamwambia ni yapi mapya yanayostahili kupimwa. Kwa hiyo karatasi ile ilibeba kila ambacho bwana shamba wa enzi hizo angekuambia ndicho kilimo bora.

Akafika kwa mkulima mmoja aliyekataa vyote. Habari za madawa alikuwa nazo tele, ila hakuyataka, na sababu alikuwa nayo: kwa maoni yake majirani walikuwa wakiua nyungunyungu wa udongoni na ndege waimbao. Kijana akaandika, akajumlisha alama. Katika wote aliowahoji hakuna aliyekuwa chini ya mkulima yule. Akaingia kwenye jedwali akiwa ameshika mkia.

Kijana mwenyewe ni Everett Rogers. Miaka minane baadaye alichapisha kitabu, Diffusion of Innovations, kinachoeleza namna mambo mapya yanavyoenea katika jamii, na leo ni vigumu kusomea mawasiliano, afya ya jamii, ugani au biashara bila kukutana nacho. Nimekisoma mara kadhaa, kila mara kwa haja tofauti, na kila mara najikuta nimerudi kwa yule mkulima wa nyungunyungu.

Ili kumwelewa Rogers inabidi tuanzie nyumbani kwao. Alizaliwa mwaka 1931 katika familia ya wakulima huko Carroll, hukohuko Iowa. Baba yake hakuwa mtu wa kuogopa vipya. Mitambo ya shambani aliipenda na kuinunua mapema. Lakini ilipokuja mbegu chotara ya mahindi, aligoma. Mbegu hiyo ilianza kuwafikia wakulima wa Iowa mwishoni mwa miaka ya 1920. Ilizaa zaidi ya mahindi ya kawaida, kiasi cha asilimia 20, na ilistahimili jua. Mzee akaitazama tu, miaka ikapita. Mwaka 1936 ukaja ukame mkali. Kwa jirani mahindi chotara yalisimama wima. Kwao yalinyauka. Everett alikuwa na umri wa miaka mitano, na alilolishuhudia mwaka ule alilisimulia maisha yake yote. Baba akasalimu amri.

Ni rahisi kuisoma hadithi hii kama kisa cha mkaidi aliyefunzwa na jua. Mimi siwezi, kwa sababu nilimwona bibi yangu akichagua mbegu. Siku ya kumenya mahindi hakuna aliyeruhusiwa kugusa fungu lake. Aliyaokota mojamoja, akayageuza mkononi, akatafuta yale marefu yenye mistari iliyonyooka, punje zilizojaa hadi nchani. Akayaacha na maganda yake, akayafunga mawilimawili, akayatundika juu ya meko moshi uyapige mpaka msimu ujao ili wadudu wasiyasogelee. Hapo hakuna aliyemfundisha kazi. Ukimwambia kwamba kuanzia mwakani mbegu itatoka dukani kwenye mfuko, na kwamba akiichukua ya shambani mwake akaipanda tena mavuno yatashuka, umemwuzia mbegu na papo hapo umemvua cheo.

Wakulima wa Iowa nao walikuwa na utaalamu wao wa aina hiyo. Walijivunia kuchagua mahindi mazuri ya mbegu, na yalikuwepo mashindano ya maonyesho ambako mahindi yalipimwa kwa uzuri wa sura. Mbegu chotara iliufuta ujuzi ule wote, na juu yake ikadai pesa taslimu kila mwaka, katika miaka ile ya mdororo mkubwa wa uchumi. Baba yake Rogers angeweza kununua mtambo akabaki mkulima yuleyule. Kwa mbegu ilikuwa habari nyingine. Tena tazama: mtu mmoja, shamba moja, kwenye mitambo yuko mbele na kwenye mbegu yuko nyuma. Sasa huyu utamwandika wapi?

Wakati Rogers bado mtoto, wanasosholojia wawili wa Iowa State, Bryce Ryan na Neal Gross, walishaligeuza suala la mbegu kuwa utafiti. Mwaka 1941 waliwafikia wakulima 259 katika jamii mbili za Iowa wakawauliza walianza lini kupanda chotara. Wawili tu ndio walikuwa hawajaanza. Ukipanga miaka yao kwenye mchoro unapata mstari ulioinama kama herufi S: mwanzoni unatambaa, wachache wanajaribu na wengine wanawatazama, kisha unapanda ghafla, kila mtu anakimbilia, mwishoni unalala tena kwa kuwa hakuna aliyebaki. Ila kitu kikubwa walichokipata hakimo kwenye mchoro. Wakulima wengi walisikia habari za mbegu kwa mara ya kwanza kutoka kwa wauzaji waliopita kunadi. Walipoulizwa nani aliyewafanya wakubali, walimtaja jirani.

Muuzaji analeta habari, jirani analeta imani. Waswahili tulilijua hili tangu zamani, ndiyo maana tunaambiana mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Hatusemi ukisikia kinyozi kapita. Na hata jirani haaminiki mara moja: wakulima wale, pamoja na kuona kwa macho, walianza kwa kupanda kipande kidogo, wakavuna, wakapima, ndipo wakaongeza.

Rogers alisoma kilimo, akatumikia jeshi la anga wakati wa vita vya Korea, akarudi Iowa State chini ya mwalimu wake George Beal. Tasnifu yake ya mwaka 1957 ilihusu dawa ya magugu kule Collins, lakini sura iliyomtoa ni ile ambayo wanafunzi wengi huiandika kwa kusinzia, ya kupitia tafiti za wengine. Alisoma za kilimo, akasoma za shule zinazoanzisha masomo mapya, akasoma za madaktari. Katika miji ya Illinois watafiti walikuwa wamefuatilia madaktari walivyoanza kuandikia wagonjwa dawa mpya ya tetracycline, wakakuta kwamba walio na marafiki wengi miongoni mwa madaktari wenzao walitangulia, na waliojitenga walichelewa. Wasomi waliobobea, wenye majarida ya kitabibu mezani, nao walikuwa wakimtazama jirani kama mkulima wa mahindi. Wanaochunguza mashamba hawakuwa wakiwasoma wanaochunguza hospitali, na wote walikuwa wakichora herufi S ileile. Rogers akazikusanya tafiti hizo, akaipanua sura ile, ikawa kitabu. Mwaka 1962 kilipotoka alikuwa na umri wa miaka 31.

Humo ndimo limo lile jedwali maarufu. Rogers aliwagawa watu kwa mpangilio wa kupokea: asilimia 2.5 ya kwanza ni wajasiri, wanaojaribu kila kitu hata wenzao wakiwacheka. Asilimia 13.5 wanaofuata ndio wenye sauti. Watu huwaendea kuuliza, na wakikubali wao mambo yanasonga. Kisha wanakuja wengi wa mwanzo, asilimia 34, na wengi wa baadaye, 34 nyingine. Mwisho kabisa wanabaki asilimia 16, ambao aliwapa jina la Kiingereza analoitwa mtu anayekokota miguu nyuma ya msafara.

Tarakimu hizi zimenukuliwa mno, hadi watu wanadhani zilihesabiwa barabarani. Zilitoka kwenye hesabu. Rogers alichukua mchoro wa kengele wanaoutumia wanatakwimu, ule wenye watu wengi katikati na wachache pembeni, akaukata kwa vipimo vyake vya kawaida kulia na kushoto kwa wastani. Ukikata hivyo, mkia wa kulia lazima utoke na asilimia 16, uwe umepima Iowa au Ikwiriri. Hata mtaa ungekuwa wa malaika watupu, mmoja katika kila sita angeshika mkia, kwa sababu kisu ndicho kilichomweka pale. Huwa nawaza ni maofisa wangapi wa miradi wamesimama mbele ya wanakijiji wakiwa na asilimia hizo kichwani, wakitafuta wakaidi ambao jedwali limewaahidi.

Lakini Rogers huyohuyo alikianza kitabu chake na kisa kinachoupindua msimamo wa afisa wa mradi. Ni kisa cha Los Molinas, kijiji cha familia 200 pwani ya Peru. Idara ya afya ilimtuma mhudumu aitwaye Nelida kuwashawishi akina mama wachemshe maji ya kunywa. Maji yalitoka mferejini na visimani, machafu, na matumbo yalikuwa yakiwasumbua watu. Nelida alifanya kazi kwa miaka miwili. Aliingia nyumba kwa nyumba, tena na tena; daktari alikuja kutoa mihadhara. Mwishoni alikuwa amewapata akina mama 11.

Kumi na moja kati ya nyumba 200. Ripoti ya haraka ingesema elimu ni duni. Mwanaanthropolojia Edward Wellin alichunguza, akakuta elimu ipo, tena ya kina, ila ni nyingine. Kijijini pale kila chakula na kinywaji kilikuwa na asili ya moto au ya baridi, na asili hiyo haikutegemea joto la jiko. Mgonjwa hakutakiwa kugusa vyenye asili ya baridi kali. Maji mabichi ni baridi mno. Yakichemshwa, ubaridi ule huondoka. Kwa hiyo maji ya kuchemsha ni ya mgonjwa. Mtu mzima wa afya akinywa maji ya kuchemsha ni kama wewe ukutwe asubuhi, mzima wa siha, unakunywa uji wa mgonjwa: watu wataanza kuulizana kulikoni. Watoto walikua wakifundishwa kuyachukia. Nelida alikuja na habari za vijidudu visivyoonekana, na wanakijiji wakajiuliza viumbe wadogo hivyo wanaishije majini bila kuzama, na kama ni wadogo hata hawaonekani, watamdhuruje mtu mzima?

Kuna la pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Kati ya wachache waliomkubali alikuwemo mama aliyekuwa akiugua, ambaye maji ya kuchemsha yalimfaa kwa mujibu wa mila yenyewe, na mama mwingine aliyehamia kutoka milimani, ambaye wenyeji walimwona mgeni. Hawa walimpokea Nelida kwa mikono miwili kwa sababu hawakuwa na cha kupoteza. Wengi katika familia maskini walimwona mpelelezi wa uchafu wa majiko yao, na wenye heshima, wale ambao wakisema jambo mtaa unasikia, yeye hakuwatafuta. Nelida alihesabu milango iliyomfungukia. Hakuuliza ni milango ya nani.

Ukitaka kuona upande wa pili, angalia M-Pesa. Ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, Rogers alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka miwili, lakini ni kama iliandikwa kutoka kwenye kitabu chake. Alisema kitu kipya huenea upesi kikiwa na manufaa yanayokizidi cha zamani, kikioana na maisha ya watu, kisipokuwa kigumu kutumia, kikijaribika kidogokidogo na matokeo yake yakionekana na wengine. Watu wa mjini walikuwa wakituma pesa nyumbani tangu hapo, kwa kumpa dereva wa basi bahasha na kumwomba Mungu. Simu ilichukua nafasi ya bahasha. Unajaribu na shilingi mia. Shangazi anapiga kusema imefika. Jirani yake amesikia ujumbe ulivyolia. Haikuhitaji mhadhara wa daktari.

Kasi, hata hivyo, haituambii kama kitu ni chema, na hapo ndipo kitabu cha Rogers kilikuwa na pengo ambalo yeye mwenyewe alitumia nusu ya pili ya maisha yake kulijaza. Matoleo yalikuja mengine manne, la mwisho mwaka 2003, na kuna kitu kinabadilika ndani yake. Katika mjadala wa athari anasimulia watu wa Yir Yoront wa kaskazini mwa Australia. Kwao shoka la jiwe lilikuwa mali ya wazee wa kiume. Mwanamke au kijana aliyetaka kukata kuni aliliazima, na katika kuazima huko ndimo heshima ilimokuwa ikipita. Wamisionari wakaja na mashoka ya chuma, makali kuliko ya jiwe, wakayagawa kwa wote, wanawake na vijana wakiwemo. Yakapokelewa mara moja. Wazee wakaanza kupiga hodi kwa wake na watoto kuazima shoka.

Na sisi tuna ya kwetu. Mwaka 1955, Rogers akiwa bado anajumlisha alama za Collins, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa ikiwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye milima ya Uluguru ili kuzuia mmomonyoko. Watu walichimba kwa shuruti, kisha wakakataa. Zikazuka ghasia, polisi wakaua mtu, na mpango ukaachwa. Kwa vipimo vya bwana shamba wale walikuwa wakokota miguu wa daraja la kwanza. Lakini udongo wenye rutuba katika miteremko ile ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia na kuutoa juu udongo mfu wa chini. Mluguru aliyesema mahindi hayatazaa kwenye tuta alikuwa anatoa taarifa ya kitaalamu, ila hakuna karatasi iliyokuwa na nafasi ya kuiandika.

Rogers alikuwa na maneno mawili kwa ugonjwa huu. La kwanza ni upendeleo kwa kipya: mtafiti anaanza akiwa ameshaamua kwamba kitu ni kizuri na kila mtu akipokee haraka. La pili ni kumtupia lawama mtu mmojammoja, badala ya kuuliza mfumo uliomzunguka umemfanyia nini. Mwaka 1976 aliandika makala mashuhuri akitangaza kwamba ule mtazamo mkuu wa mawasiliano na maendeleo, wa habari kumiminwa kutoka juu kuwashukia walio chini, ulikuwa unapita. Aliyeandika hivyo alikuwa ni mmoja wa waliousimamisha.

Jina lake linatufikia hapa nyumbani kwa njia ambayo wasikilizaji wengi hawakuijua. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio, Twende na Wakati. Waliokuwa na umri wa kusikiliza redio miaka ile wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori asiyepitwa na mwanamke njiani, na mkewe Tunu. Mkwaju aliishia kupata UKIMWI. Tunu alimwacha akaanzisha biashara yake ndogo akasimama. Rogers, pamoja na watafiti wenzake Peter Vaughan, Arvind Singhal na Ramadhan Swalehe, walipima kama mchezo ule unabadilisha chochote katika uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Kwa kulinganisha, Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995. Mtambo wa kule ulipeleka vipindi vingine saa hiyo. Kwa hiyo kwa miaka miwili taifa lilimfuata Mkwaju huku Dodoma ikisikiliza mengine bila kujua kwamba ndiyo mizani. Kwingine matumizi ya uzazi wa mpango yakapanda zaidi. Dodoma ilipofunguliwa mchezo, nayo ikafuata.

Lililomvutia Rogers zaidi ni mazungumzo. Redio haikumgeuza mtu moja kwa moja. Iliwapa mume na mke, na marafiki kijiweni, jina la kumtaja mtu asiyekuwepo. Unaweza kumsema Mkwaju mbele ya mumeo usiku kucha bila kumgusa yeye. Muuzaji wa mbegu wa Iowa alilazimika kumsubiri jirani aanze kusema. Safari hii jirani alitungwa studio.

Bado jina la mchezo hunifanya nisite kidogo. Kwenda na wakati ni kuamini kwamba wakati unajua uendako. Kwa UKIMWI ulikuwa unajua, sina ubishi. Kwa madawa ya shambani ya miaka ya 1950 haukujua. Mwaka uleule wa 1962 kilipotoka kitabu cha Rogers, kilitoka pia Silent Spring cha Rachel Carson, mwanabiolojia aliyewaambia Wamarekani kwamba sumu za kuua wadudu zinaua ndege wao. Miaka kumi baadaye serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku mojawapo ya sumu hizo, DDT, mashambani. Nyungunyungu wa udongoni wakapata watetezi wenye shahada. Kilimo kisicho na kemikali kikapata jina, kikapata nembo, mboga zake zikauzwa kwa bei ya juu.

Rogers aliiona zamu hiyo ikipinduka na hakuificha. Katika matoleo ya baadaye alimrudisha kitabuni yule mkulima wa Collins, akaeleza jinsi alivyompima na kwa vipimo vya nani, akakiri kwamba kwa macho ya leo angemwandika mbele kabisa ya msafara. Lakini karatasi za mwaka 1954 zilishakusanywa, na tasnifu ilishapita. Jina la mkulima halimo kitabuni. Zimo alama zake, za chini kuliko zote.